Namna ya kupima kama kanuni za mamlaka ya udhibiti zimevuka mipaka ya Katiba nchini Kenya

Wakenya wengi hukutana na mkono wa dola kupitia kanuni mara nyingi zaidi kuliko kupitia sheria zilizopigiwa kura bungeni. Mwenye matatu, muuza maziwa, mkulima wa chai na mmiliki wa kituo cha redio, kila mmoja ana mamlaka ya udhibiti inayompangia leseni, ada, vipimo na adhabu. Kanuni hizo huandikwa na maafisa wa mamlaka au wizara, Waziri akatia sahihi, zikachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kama Tangazo la Kisheria, na tangu hapo zinaweza kukutoza pesa, kukufungia biashara au kukufikisha kortini. Hilo peke yake si kosa, kwa sababu Bunge haliwezi kukaa kuamua kiwango cha bakteria kinachokubalika katika lita moja ya maziwa. Kosa huanza pale mamlaka inapotunga jambo ambalo haikukabidhiwa, au pale Bunge lenyewe linapokabidhi kazi yake ya kutunga sheria bila kuweka mpaka.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vyama vya wafanyabiashara na vya ushirika, wanahabari, na mwananchi yeyote anayetaka kuzisoma kanuni mwenyewe kabla ya kwenda kwa wakili. Hauchukui nafasi ya wakili, lakini ukiufuata utafika ofisini kwake ukiwa umebeba hoja na si malalamiko matupu.

Anza na sheria mama, si kanuni

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni watu kuzishika kanuni zenyewe, kuzisoma kwa hasira, na kuanza kubishana kuhusu ukubwa wa ada au ukali wa masharti. Mahali pa kuanzia ni ukurasa wa kwanza wa Tangazo la Kisheria, ambapo utakuta sentensi inayotaja kifungu kilichompa Waziri au mamlaka uwezo wa kutunga kanuni hizo. Andika namba ya kifungu hicho, kisha utafute sheria yenyewe, ambayo ndiyo sheria mama, katika tovuti ya Kenya Law, ambako sheria, matangazo ya kisheria na hukumu husomwa bila malipo. Hakikisha unasoma toleo lenye marekebisho yote, kwa kuwa kifungu kinaweza kuwa kimebadilishwa baada ya kanuni kutungwa.

Sababu ya kuanzia hapo iko katika Katiba ya 2010. Ibara ya 1 inasema mamlaka yote ni ya wananchi na kwamba uwezo wa kutunga sheria umekabidhiwa Bunge na mabunge ya kaunti. Ibara ya 94(5) inaongeza kwamba hakuna mtu wala chombo kingine, isipokuwa Bunge, kinachoweza kuweka sharti lenye nguvu ya sheria nchini, ila kwa mamlaka yaliyotolewa na Katiba yenyewe au na sheria. Kisha inakuja Ibara ya 94(6), ambayo kwangu mimi ni miongoni mwa ibara zenye thamani kubwa na zinazosomwa kidogo mno. Inaliamuru Bunge, na vilevile bunge la kaunti, kwamba linapomkabidhi mtu au chombo uwezo wa kutunga masharti yenye nguvu ya sheria, ni lazima sheria hiyo itaje waziwazi mambo manne: madhumuni na malengo ya kukabidhi uwezo huo, mipaka ya uwezo wenyewe, aina na upeo wa sheria inayoweza kutungwa, na misingi na viwango ambavyo sheria hiyo itafuata.

Soma kifungu cha sheria mama huku umeyaandika mambo hayo manne pembeni, na mbele ya kila moja nakili maneno ya kifungu yanayolijibu. Pale usipopata maneno, acha nafasi wazi. Karatasi hiyo ndiyo msingi wa kazi yote inayofuata.

Msomaji aliyefuatilia mjadala wa jambo hili nchini Marekani anapaswa kuwa mwangalifu asiubebe ulivyo. Katiba ya Marekani inasema mamlaka ya kutunga sheria ni ya Kongresi na haisemi lolote kuhusu kuyakabidhi, hivyo mtihani wa kule umejengwa na majaji. Katika kesi ya J.W. Hampton ya mwaka 1928, Mahakama ya Juu ilisema inatosha Kongresi kutoa mwongozo unaoeleweka wa kufuatwa na anayekabidhiwa. Mwaka 1935, katika kesi za Panama Refining na Schechter, ilibatilisha sheria kwa kukosa mwongozo huo, lakini tangu hapo imekuwa ikizikataa hoja za aina hiyo, na Juni 2025, katika kesi ya FCC na Consumers' Research, ilikataa tena. Tanzania nayo iko upande mwingine: Ibara ya 97(5) ya Katiba yake inaruhusu Bunge kukabidhi kwa mtu yeyote au idara yoyote ya Serikali madaraka ya kuweka kanuni zenye nguvu ya kisheria, bila kutaja orodha ya masharti kama ya Kenya. Kwa hiyo wakili anayejitetea mbele ya jaji wa Nairobi kwa kusema kwamba mahakama za kwingine huridhika na mwongozo wa jumla anajibiwa kwa maandishi ya Katiba: Kenya iliandika mambo manne, na ikaandika kwamba yatajwe waziwazi.

Kifungu kinachojibu bila kujibu

Ukisoma sheria nyingi zilizotungwa baada ya 2010 utakutana na kifungu kidogo kinachoanza kwa maneno ya namna hii: kwa madhumuni ya Ibara ya 94(6) ya Katiba, lengo la kukabidhi mamlaka haya ni kumwezesha Waziri kutunga kanuni kwa ajili ya utekelezaji bora wa Sheria hii, mamlaka ya Waziri yatakuwa na mpaka wa kutekeleza masharti ya Sheria hii, na misingi na viwango vitakavyofuatwa ni vile vilivyo katika Sheria ya Ufafanuzi na Masharti ya Jumla, Sura ya 2, na Sheria ya Sheria Ndogo ya 2013. Maneno hayo hunakiliwa kutoka mswada mmoja hadi mwingine, iwe mswada unahusu dawa, maji, michezo au ushirika.

Yakague kwa makini. Lengo lililotajwa ni kuitekeleza Sheria, jambo ambalo ni kweli kwa kila kanuni iliyowahi kutungwa. Mpaka uliotajwa ni Sheria yenyewe, na mpaka huo ungekuwapo hata kama kifungu hicho kisingeandikwa. Viwango vilivyotajwa ni vya jinsi ya kutunga kanuni, si vya yaliyomo ndani ya kanuni. Kwa maoni yangu, kifungu cha namna hii kikisimama peke yake kinaiga umbo la Ibara ya 94(6) bila kulibeba agizo lake, na wananchi wanastahili wabunge wanaojaza nafasi hizo nne kwa maneno yanayolihusu jambo linalodhibitiwa. Hata hivyo usikimbilie kudai kwamba sheria nzima ni batili. Mahakama husoma sheria kwa ujumla wake, na mara nyingi mipaka inayokosekana katika kifungu cha kukabidhi hupatikana kwingine: katika sehemu ya malengo, katika tafsiri za istilahi, katika majedwali, au katika vifungu vinavyoeleza nani anahitaji leseni na kwa masharti gani. Zisome sehemu hizo zote kabla ya kuamua kwamba nafasi uliyoiacha wazi kweli haina jibu.

Sheria mama iliyotungwa kabla ya tarehe 27 Agosti 2010, siku Katiba ilipoanza kutumika, inahitaji hatua moja zaidi. Kifungu cha 7 cha Jedwali la Sita kinaagiza sheria za zamani ziendelee kutumika, lakini zisomwe pamoja na mabadiliko yanayohitajika ili ziafikiane na Katiba. Sheria ya zamani haifi kwa sababu tu haikutaja mambo manne ambayo hayakuwapo ilipotungwa. Swali linakuwa iwapo inaweza kusomwa kwa namna inayoiweka ndani ya mipaka.

Sasa pima kila kanuni kwa karatasi yako

Tuchukue mfano wa kubuni ili njia ionekane. Sheria ya maziwa inamruhusu Waziri kutunga kanuni kuhusu usafi wa vyombo vya kuhifadhia, kusafirishia na kuuzia maziwa, kwa lengo la kulinda afya ya mlaji. Kanuni zinatoka zikiwalenga wenye mashine za maziwa, zile ambazo mtaani huitwa maziwa ATM, na zina masharti matano.

Sharti la kwanza linasema tangi la mashine liwe la chuma kisichoshika kutu na lioshwe kwa namna iliyoelezwa kwenye jedwali. Hili linaingia moja kwa moja katika aina na upeo uliotajwa, na hata kama linamgharimu muuzaji, dosari ya kikatiba haipo hapo. Wenye biashara wasitumie nguvu zao kupigania sharti kama hili kwa hoja ya 94(6), kwani hoja dhaifu huzichafua zile zenye nguvu.

Sharti la pili linamtoza muuzaji ada kwa kila lita anayouza. Hapa simama kwa muda mrefu. Ibara ya 210(1) inasema kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Kwa kuwa Ibara ya 260 inaingiza kanuni ndani ya maana ya sheria, mamlaka itajibu kwamba kanuni zake zinatosha. Lakini zinatosha pale tu sheria mama ilipokabidhi uwezo wa kutoza, na usafi wa vyombo si uwezo wa kutoza. Linganisha na kesi ya British American Tobacco Kenya dhidi ya Waziri wa Afya, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 26 Novemba 2019. Kanuni za Udhibiti wa Tumbaku za 2014 zilizitaka kampuni za tumbaku zichangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku. Kampuni iliita mchango huo kodi, ikashindwa. Mchango wa fidia ulikuwa tayari na mizizi katika Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007 iliyoanzisha mfuko huo, na kanuni zilikuja kuweka kiwango. Katika mfano wetu wa maziwa, mizizi hiyo haipo, na kwa hiyo sharti la pili linaning'inia hewani.

Sharti la tatu linampa mkaguzi uwezo wa kuichukua mashine bila taarifa, na kusema uamuzi wake hautapingwa mahakamani. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio halali, wa busara na unaofuata utaratibu wa haki, na kuzuia mlango wa mahakama ni jambo ambalo kifungu cha 13 cha Sheria ya Sheria Ndogo kinaiagiza kamati ya Bunge ilichunguze. Kanuni inayogusa haki iliyo katika Sura ya Nne ya Katiba ipimwe pia kwa Ibara ya 24, inayodai kwamba haki iwekewe mpaka kwa sheria tu, na kwa kiasi kinachoweza kutetewa katika jamii ya kidemokrasia.

Sharti la nne linaweka kifungo cha mwaka mmoja. Rejea sheria mama: je, imetaja adhabu ambazo kanuni zinaweza kuweka? Ikiwa haikutaja, Sheria ya Sheria Ndogo inaweka ukomo wa faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6, au vyote viwili.

Sharti la tano ndilo linalopita bila kuonekana, na ndilo ninalowasihi wasomaji walitafute kwanza katika kila kanuni. Linasema mkurugenzi wa mamlaka anaweza kubadilisha jedwali kwa waraka. Waziri alikabidhiwa na Bunge. Mkurugenzi hakukabidhiwa na mtu yeyote mwenye uwezo wa kumkabidhi. Aliyeazimwa uwezo wa kutunga sheria hawezi kuuazima kwa mwingine isipokuwa sheria mama imesema hivyo, na waraka wa ofisini haupiti katika Gazeti wala bungeni. Chunguza maneno kama "jinsi itakavyoelekezwa", "kwa namna mamlaka itakavyoona inafaa" na "kama itakavyotangazwa baadaye", kwa sababu nyuma yake mara nyingi kuna sheria ambayo bado haijaandikwa na ambayo hutapewa nafasi ya kuijadili.

Kagua njia iliyopitiwa

Kanuni iliyo ndani ya mipaka inaweza bado kuanguka kwa sababu ya njia yake. Sheria ya Sheria Ndogo, namba 23 ya 2013, inamtaka mtunga kanuni ashauriane na watu watakaoathiriwa kabla ya kutunga, na pale kanuni zinapoelekea kuwaletea wananchi gharama kubwa, atayarishe taarifa ya athari za udhibiti. Baada ya kuchapishwa, Waziri ana siku 7 za vikao vya Bunge kuhakikisha nakala inamfikia Karani wa Bunge ili iwasilishwe bungeni. Zingatia kwamba ni siku za vikao, si siku za kalenda. Bunge likiwa mapumzikoni hesabu inasimama. Kanuni isiyowasilishwa hukoma kutumika mara baada ya siku ya mwisho ya kuwasilishwa, ingawa yaliyofanyika chini yake kabla ya hapo hayafutiki. Ikishawasilishwa huenda kwa kamati inayoshughulikia sheria ndogo, ambayo ina siku 28 za kutoa ripoti. Kamati ikinyamaza, kanuni huchukuliwa kuwa zimetimiza masharti yote ya uchunguzi. Na hata zikipita kote huko, kanuni hufa zenyewe baada ya miaka 10, isipokuwa muda wake umeongezwa kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Kuna watu wanaotozwa ada leo kwa kanuni ambazo hawajawahi kuuliza umri wake, na swali hilo halina gharama.

Kuhusu ushirikishwaji wa umma, soma hukumu hiyo hiyo ya kesi ya tumbaku. Mahakama ya Juu ilisema ushirikishwaji usiwe wa kutimiza desturi tu, ikataja mambo ya kuangaliwa, miongoni mwake uwazi wa jambo linalojadiliwa, utaratibu ulio rahisi kueleweka, uwakilishi wa makundi yote na uwezo wa watu kushiriki wakiwa wameelimishwa kabla. Lakini kampuni ilishindwa katika hoja hii pia, kwa kuwa ilikuwa imeshauriwa. Kutokubaliwa kwa maoni yako si sawa na kutosikilizwa, na hoja ya ushirikishwaji ina nguvu kwa yule tu anayeweza kuonyesha kwamba nafasi haikuwapo au ilikuwa ya jina tu.

Ushahidi wa njia hii uko mikononi mwa serikali, kwa hiyo uombe. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, iandikie mamlaka barua ukitaka tarehe na orodha za mikutano, nakala ya taarifa ya athari, maoni yaliyopokelewa, na barua iliyopeleka kanuni kwa Karani. Taja Ibara ya 35 ya Katiba. Wanapaswa kujibu ndani ya siku 21, na wakikataa au wakinyamaza unaweza kuomba Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, aupitie uamuzi huo.

Kuchukua hatua

Ikiwa kanuni ni mpya, nenda bungeni kwanza. Siku 28 za kamati ni dirisha fupi ambalo vyama vingi huliacha lijifunge vikiwa bado vinafanya mikutano ya waandishi wa habari. Peleka kwa kamati waraka mfupi unaofuata mpangilio wa kifungu cha 13, ukionyesha kanuni gani inatoza kodi, ipi inagusa jambo lililopaswa kuwa katika sheria yenyewe, ipi inakabidhi uwezo isivyofaa. Bunge likipitisha azimio la kuzifuta, umeshinda bila kesi. Dirisha likiwa limefungwa, Ibara ya 119 bado inakuruhusu kuwasilisha ombi bungeni wakati wowote.

Mahakama Kuu ina uwezo, chini ya Ibara ya 165(3)(d), wa kuamua kama sheria au jambo lililofanywa kwa jina la sheria linapingana na Katiba, ingawa migogoro ya mazingira na ardhi, na ile ya kazi, ina mahakama zake zenye hadhi hiyo hiyo. Ibara ya 258 inamruhusu mtu kushtaki kwa niaba yake, kwa niaba ya chama au kwa maslahi ya umma, na kwa kesi za haki zilizo chini ya Ibara ya 22 hakuna ada ya kufungua. Kabla ya kufungua, hakikisha umetumia njia za rufaa zilizo ndani ya sheria mama, kama vile baraza la rufaa, kwa sababu Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inamruhusu jaji kukurudisha huko. Na andika kwa usahihi. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya mwaka 1979, mlalamikaji anatakiwa ataje ibara iliyovunjwa, namna ilivyovunjwa, na kanuni iliyoivunja. Karatasi yako ya nafasi nne, ikifuatana na jedwali la kanuni moja moja, tayari imeifanya kazi hiyo. Usiombe kanuni zote zibatilishwe kama tatu tu ndizo mbovu: Ibara ya 2(4) inabatilisha sheria kwa kiasi cha upinzani wake na Katiba, na majaji humsikiliza zaidi mtu anayejua anachoomba.

Upangaji wa hoja ndani ya ombi una uzito ambao wengi hawauoni hadi wameshinda. Kanuni zikianguka kwa kukosa ushirikishwaji au kwa kutowasilishwa bungeni, mamlaka inaweza kuitisha mikutano, kufuata siku zinazotakiwa, na kuzirudisha kanuni zile zile neno kwa neno. Zikianguka kwa sababu sheria mama haikutoa uwezo huo, au iliutoa bila kutaja mambo manne ya Ibara ya 94(6), Waziri hana la kurekebisha mezani kwake. Ni lazima arudi bungeni na mswada, ujadiliwe hadharani, upigiwe kura na watu mliowachagua. Kwa hiyo tanguliza hoja ya uwezo, fuatisha hoja ya njia, na uiombe mahakama katika maombi yako iamue zote mbili hata kama moja peke yake ingetosha kukupa ushindi.